Kuwashwa Kumekwisha, Fangasi Bado Yumo

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba, sheria ya Falme za Kiarabu inawakataza waajiri kuwafanyisha watu kazi juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa alasiri. Marufuku hiyo ina zaidi ya miaka 20 sasa na imewaepusha wengi na madhara ya joto kali. Lakini haimvui mtu viatu. Mlinzi wa Kikenya anayesimama mlangoni mwa maegesho ya magari Deira, mjini Dubai, Mganda anayepeleka chakula kwa pikipiki, fundi wa Kitanzania mwenye buti zenye chuma mbele katika karakana za Al Quoz, wote miguu yao hukaa ndani ya ngozi, raba na soksi za nailoni saa kumi au kumi na mbili mfululizo. Nje joto limepita nyuzi 40, na kwa kuwa mji uko ufukweni, hewa nayo imeshiba unyevu. Ndani ya kiatu hali ni mbaya zaidi, au nzuri zaidi, inategemea anaulizwa nani. Fangasi hana malalamiko.

Yanayofuata yanafahamika katika vyumba vingi vya Waafrika Mashariki wanaoishi Dubai. Ngozi ya baina ya vidole vya mguu inakuwa nyeupe, inalowa na kuchanika. Au duara lenye ukingo wa magamba linatokea kinenani, linatambaa hadi mapajani na makalioni. Mtu anashuka hadi duka la dawa lililo chini ya jengo, ananunua tyubu, anapaka siku nne tano, mwasho unakata, tyubu inatupwa droo. Mwezi haujaisha, mwasho umerudi palepale. Hapo lawama zinagawanywa: dawa ni feki, maji ya huku ni mabaya, ni joto tu. Joto lina sehemu yake. Lakini kwa wengi ugonjwa huo haukurudi kutoka popote, kwa sababu haukuwa umeondoka.

Fangasi wanaokula ngozi wana tabia ya pekee: hawaingii ndani sana. Chakula chao ni keratini, ile protini ngumu inayojenga tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha, yaani sehemu za mwili ambazo tayari zimekufa. Huko juu damu haifiki, na kinga ya mwili inafika kwa shida. Wakikaa kichwani mwa mtoto, nyumbani huitwa mapunye au mashilingi. Wakichora duara mwilini, choa. Miguuni na kinenani watu husema fangasi tu, tena kwa sauti ya chini. Mhusika mkuu wa miguuni ni Trichophyton rubrum. Wataalamu wanaamini kwao ni Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika Magharibi, na kwamba alisambaa ulimwenguni hasa katika karne ya 20 kwa safari, vita na viatu vya kufunika. Watu waliotembea peku walimpata mwilini, lakini vidoleni hakupata makazi. Viatu ndivyo vilivyomjengea nyumba.

Wako pia ndugu wa hamira: Candida, anayependa mikunjo yenye unyevu, mdomo na uke, na Malassezia, anayeishi kwenye mafuta ya ngozi ya karibu kila mtu mzima na kusubiri joto na jasho.

Kuwaua kuna ugumu wake. Bakteria ni kiumbe tofauti sana na binadamu, kwa hiyo kuna sumu nyingi zinazomdhuru yeye bila kumgusa mgonjwa. Fangasi ni jamaa wa karibu zaidi. Dawa nyingi za leo zinalenga kitu kimoja ambacho sisi hatuna: ergosteroli, mafuta yanayoushikilia utando wa seli ya fangasi. Terbinafini inakatiza utengenezaji wake katika hatua za mwanzo. Kundi la klotrimazoli, flukonazoli na itrakonazoli linakatiza mbele zaidi. Tofauti hiyo ya hatua inaonekana ndogo, lakini kwa baadhi ya wagonjwa wa leo ndiyo inayoamua nani apone.

Tyubu inayopendwa kuliko zote ni ile yenye dawa tatu kwa pamoja: ya fangasi, ya bakteria, na steroidi kali kama klobetasoli au betamethasoni. Inauzwa kwa majina chungu nzima kuanzia Mumbai hadi Kariakoo, na sababu ya kupendwa kwake iko wazi: inakata mwasho usiku huohuo. Kinachokata mwasho ni steroidi. Inaizima kinga ya ngozi, uvimbe unashuka, magamba yanalainika, na fangasi anaendelea kula bila kusumbuliwa. Mwaka 1968 madaktari wawili wa Uingereza, Adrian Ive na Ronald Marks, waliandika kuhusu wagonjwa wa namna hii na kuupa ugonjwa wao jina la Kilatini la fangasi asiyetambulika. Duara linapoteza ukingo wake, vipele vinatapakaa ovyo, na hata daktari anaweza kudhani ni pumu ya ngozi. Akidhani hivyo ataandika steroidi nyingine, na mambo yanazidi kuharibika. Miezi ikipita, ngozi ya kinenani inakuwa nyembamba na kubaki na michirizi ambayo haifutiki tena.

Krimu za kujichubua zinaingia hapahapa. Nyingi huwa na klobetasoli ndani yake, iwe imeandikwa kwenye boksi au la. Mwanamke anayepaka krimu hiyo uso na shingo kila usiku, halafu akapata choa shavuni, hupaka zaidi akidhani ni doa.

India ndiyo iliyolipa gharama kubwa ya tyubu hizo. Katika muongo wa 2010 madaktari wa ngozi wa huko walianza kuona jambo geni: choa kinachofunika tumbo, mapaja na mgongo mzima, familia nzima zikiugua pamoja, na terbinafini, dawa iliyozoeleka kuponya, ikishindwa. Mwaka 2018 serikali ya India iliziweka krimu 14 za steroidi katika orodha ya dawa zisizouzwa bila cheti cha daktari. Mwaka 2020 watafiti wa Japani, wakichunguza sampuli za wagonjwa waliotoka India na Nepal, walimtambua mhusika kuwa spishi mpya, wakampa jina Trichophyton indotineae. Ana mabadiliko katika kimeng'enya kilekile ambacho terbinafini hukishambulia. Dawa inafika, haipati pa kushika. Itrakonazoli, kwa kuwa inapiga hatua nyingine ya kazi, bado inamweza mara nyingi, ingawa matibabu huchukua wiki nyingi na wengine huugua upya baada ya kuacha.

Mei 2023 Kituo cha Kudhibiti Magonjwa cha Marekani kilitangaza wagonjwa wawili wa kwanza wa fangasi huyo nchini humo, wote wanawake wa jiji la New York. Mmoja, mwenye miaka 28, hakuwa amesafiri nje ya nchi hivi karibuni. Alikunywa terbinafini wiki mbili bila nafuu, kisha akapona kwa wiki nne za itrakonazoli. Mwingine, mwenye miaka 47, aliugua akiwa Bangladesh, akapakwa huko krimu za mchanganyiko wa steroidi, na jamaa zake kadhaa walikuwa na vipele vya aina hiyohiyo. Aliporudi Marekani alijaribu krimu moja baada ya nyingine, kisha akanywa terbinafini wiki nne bila mafanikio. Griseofulvini ya wiki nne ndiyo iliyomwondolea takriban asilimia 80 ya ugonjwa. Kisa cha mama huyu kinaonyesha karibu kila njia ambayo fangasi hutumia kubaki: krimu ya mchanganyiko, jamaa wasiotibiwa, na dawa ileile kurudiwa ilhali imeshindwa.

Hapo ndipo Dubai inapoingia. Wahindi ndio jamii kubwa kuliko zote katika Falme za Kiarabu, na ndege za Mumbai, Dhaka, Karachi, Nairobi na Dar es Salaam hutua katika uwanja mmoja. Fangasi huyu ameripotiwa Iran, ng'ambo ya pili ya Ghuba, na katika nchi nyingi za Ulaya. Kuuita ugonjwa wa Wahindi kungekuwa upumbavu: kilichomlea ni tyubu ya steroidi na mazoea ya kuinunua bila kuonwa na daktari, na tyubu hiyo na mazoea hayo yako pia Mombasa, Kampala na Zanzibar.

Ukiacha wagonjwa wa namna hiyo, fangasi wengi wa ngozi bado hutibika kwa dawa za bei nafuu. Katika jaribio lililofanyika kaskazini mwa Malawi na kuchapishwa mwaka 1994, krimu ya klotrimazoli ilishindanishwa na marhamu ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisiliki uliobuniwa na daktari Arthur Whitfield wa London mwanzoni mwa karne ya 20. Matokeo hayakutofautiana sana. Marhamu hiyo, inayochoma kidogo na kunata, ilikuwamo kwa miaka mingi katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haina steroidi, na hilo peke yake linaipa heshima kuliko tyubu nyingi zenye boksi la kumeremeta.

Tatizo liko kwenye namna ya kupaka. Madaktari wa ngozi wa India wana kanuni wanayowafundisha wagonjwa, nayo inahesabika kwa namba mbili: paka mara mbili kwa siku, vuka ukingo wa duara kwa sentimita mbili, na endelea wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Sababu ya sentimita mbili ni kwamba fangasi yuko mbele ya ukingo unaoonekana. Ukingo ni pale ambapo kinga imeshaamka. Sababu ya wiki mbili ni ngozi yenyewe. Tabaka la juu huchukua karibu mwezi kujibadilisha, na fangasi aliyebaki kwenye magamba ya zamani anasubiri tu dawa ikauke. Anayeacha siku ya tano ameua wengi na kuacha mbegu. Kwenye ngozi nyeusi kuna mtego mwingine: wekundu unaoandikwa vitabuni huonekana kama udhurungi au weusi, na doa jeusi hubaki miezi kadhaa baada ya ugonjwa kuisha. Magamba na ukingo ulioinuka ndivyo vya kuangaliwa, si rangi.

Kuna sehemu ambazo krimu haifui dafu. Mapunye ni mojawapo. Fangasi yumo ndani ya unywele hadi kwenye shina lake, na hakuna marhamu inayofika huko. Mtoto anahitaji dawa ya kunywa, griseofulvini au terbinafini kwa kadiri ya uzito wake, kwa wiki kadhaa. Ili griseofulvini ifyonzwe vizuri, ipewe pamoja na chakula chenye mafuta, hata maziwa mazito yanatosha. Shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu hupunguza mbegu zinazorukia wengine, lakini peke yake haiponyi. Mashine ya kinyozi, kitana, kofia na mto vinahusika. Paka nao wanahusika: Microsporum canis, mmoja wa fangasi wa mapunye, anaishi kwa paka, na Dubai paka wa mitaani na wa kufugwa ni wengi. Familia ambayo mtoto wake anapona na kuugua tena imtazame paka kabla ya kumlaumu mfamasia.

Mafuta ya taa kichwani, asidi ya betri kwenye choa, kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa usiku kucha: vyote vina wafuasi Afrika Mashariki, na vyote huunguza. Kitunguu saumu, kwa wasioamini, kimewapeleka watu hospitali na malengelenge halisi.

Kucha ndiyo kesi ndefu. Ukucha wa mkono huota upya kwa takriban miezi sita, wa mguu kwa mwaka hadi mwaka na nusu. Terbinafini ya vidonge hunywewa wiki sita kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu, halafu mgonjwa anaambiwa asubiri. Dawa imefanya kazi yake, lakini ukucha ulioharibika hautengenezeki. Unasukumwa nje taratibu na mpya. Wengi huona ukucha bado ni wa njano mwezi wa nne na kutangaza kwamba vidonge havifai. Kabla ya kuanza, ini liangaliwe, na ukucha wenyewe upimwe. Kucha nyingi nene na za njano hazina fangasi kabisa: ni buti zilizobana au ugonjwa mwingine wa ngozi. Kipimo cha kwanza ni rahisi. Mpimaji anakwangua magamba, anayadondoshea potasiamu haidroksaidi na kuyatazama kwenye hadubini. Aliyepaka dawa jana anaweza kupata jibu la uongo, kwa hiyo mtu amwambie daktari kila alichokitumia na lini alikiacha.

Vidonge vya fangasi si peremende. Ketokonazoli ya kunywa, ambayo Wakenya na Watanzania wengi waliizoea, ilisababisha madhara makubwa ya ini kiasi kwamba mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilishauri isitishwe na ile ya Marekani ikaibana vikali. Ya kupaka na ya shampuu haina shida hiyo. Itrakonazoli haimfai mwenye moyo uliochoka, inagombana na baadhi ya dawa za kolesteroli, na mtu anayekunywa omeprazoli kwa ajili ya vidonda vya tumbo anaweza kuimeza bure, kwa sababu vidonge vyake vinahitaji asidi ya tumbo. Griseofulvini haipewi mjamzito.

Sasa ugonjwa umeisha kweli, na kiatu kiko palepale mlangoni.

Mbegu za fangasi hukaa hai kwenye magamba yaliyodondoka kwa miezi mingi, ndani ya viatu, kwenye zulia, kwenye sakafu ya bafu. Buti iliyolowa jasho haikauki kwa usiku mmoja. Inataka saa 24 na zaidi. Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa daktari kwa mlinzi ni jozi mbili za viatu zinazopokezana, na hapo ushauri unagongana na maisha, maana kampuni mara nyingi hutoa jozi moja. Jozi ya pili ni gharama, lakini ikilinganishwa na tyubu za mwaka mzima si kubwa. Wanaoshindwa hutoa soli ya ndani, hujaza gazeti linalofyonza unyevu, hupulizia unga wa kuua fangasi asubuhi, na hubeba soksi za kubadilisha katikati ya zamu. Wanajeshi wa Marekani walijifunza somo hili kwa uchungu katika mabwawa ya Mekong, Vietnam, mwishoni mwa miaka ya 1960, ambako magonjwa ya ngozi yaliwatoa askari wengi vitani. Madaktari wao waligundua kwamba siku chache za kukausha miguu zilifanya kazi ambayo dawa pekee haikuiweza.

Soksi zenyewe zina elimu yake. Watafiti wa Ujerumani na wa Israeli waliopima nguo zenye fangasi walikuta kufua kwa nyuzi 30 au 40, kiwango ambacho mashine nyingi za nyumbani huwekwa, kunawaacha fangasi hai. Nyuzi 60 huwamaliza. Kikapu kimoja cha nguo chafu huweza pia kuhamisha mbegu kutoka soksi ya mmoja hadi shati la mwenzake. Waisraeli hao walijaribu pia jua, na jua lilipunguza fangasi kwenye nguo zilizoanikwa. Habari hiyo ingekuwa njema sana kwa Dubai, mji wenye jua la kugawa bure, isipokuwa Manispaa ya Dubai haitaki kuona nguo zikining'inia kwenye roshani zinazotazama barabara, na wakazi wamekumbushwa zaidi ya mara moja kwamba kuna faini. Nguo za mamia ya maelfu ya watu hukauka ndani ya vyumba, juu ya vitanda vya chuma, mbele ya kiyoyozi. Nguo za ndani zinazovaliwa zikiwa bado na unyevu ni sababu ya choa cha kinena ambayo mtu haitaji kwa daktari kwa kuwa haioni kuwa sababu.

Vyumba hivyo ndiko kiini kingine kilipo. Katika Deira mtu hupanga kitanda, si chumba. Katika kambi za Muhaisnah na Jebel Ali wanaume kadhaa hugawana bafu moja. Taulo huning'inia kwenye msumari mmoja, kandambili za bafuni ni za yeyote anayeziwahi, mashine ya kunyolea inazunguka. Ukimtibu mmoja kati ya sita, umemtibu hadi atakapooga tena. Katika chumba cha namna hiyo daktari mwenye busara huuliza nani mwingine anajikuna, hata kama swali hilo linawatia watu aibu.

Kisha kuna udhu. Mwislamu anayesali misikitini huosha miguu mara kadhaa kwa siku, na akiwa na haraka ya kurudi kazini huirudisha kwenye soksi ikiwa bado inadondosha maji. Mwaka 1998 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walichapisha uchunguzi wa fangasi wa miguu na kucha katika jamii ya Waislamu wa jiji hilo, tatizo walilolikuta limeenea mno kwa wanaume watu wazima. Maji hayana kosa, na udhu ndio unaomlazimisha mtu kuifikia miguu yake kila siku. Sunna ya khilali, ya kupitisha kidole kidogo cha mkono baina ya vidole vya mguu, hufika hasa pale ambapo fangasi hupenda kuanzia: kati ya kidole cha nne na cha tano. Kinachokosekana ni kitambaa. Taulo dogo la binafsi mfukoni, vidole vikapanguswa kimoja kimoja, kandambili za mtu mwenyewe badala ya zile za kwenye mabirika, na sehemu kubwa ya kazi ya duka la dawa imeshafanyika.

Wanawake wanaofanya kazi za ndani wana mlango wao wa ugonjwa: maji ya sabuni. Mikono inayoosha vyombo na sakafu kutwa hupoteza ngozi inayoziba ukingo wa ukucha, Candida huingia, pembe ya ukucha ikavimba na kuuma. Dawa hapo ni ukavu kwanza, glavu za mpira zenye pamba ndani, halafu krimu.

Fangasi wa ukeni ni habari tofauti, na mara nyingi hutibiwa kwa kubahatisha. Karibu wanawake watatu kati ya wanne humpata walau mara moja maishani. Kidonge kimoja cha flukonazoli cha miligramu 150 humtosha mwanamke asiye na mimba. Mjamzito hutumia dawa za kuweka ukeni kwa siku saba, si vidonge. Anayeugua mara tatu au zaidi kwa mwaka anahitaji mpango mwingine: vidonge vitatu vinavyopishana siku tatu tatu, kisha kimoja kwa wiki kwa miezi sita. Lakini kwanza apimwe, kwa sababu kila ute na kila mwasho si Candida, na apimwe sukari pia. Kisukari ambacho hakijagunduliwa ni chanzo kikubwa cha fangasi wanaorudi, kwa mwanamume vilevile, na katika nchi za Ghuba kisukari kimeenea. Antibiotiki zinazonunuliwa kwa kila kikohozi zinafungua njia hiyo hiyo, na sabuni za manukato za kuoshea ndani hazisaidii chochote.

Mba wa mwili, yale mabaka mepesi yanayotapakaa kifuani na mgongoni wakati wa joto, hauambukizi hata kwa kulala kitanda kimoja, na kurudi ni tabia yake. Malassezia haondoki kwenye ngozi ya mtu. Shampuu ya ketokonazoli au ya seleniamu ikipakwa mwilini na kusuuzwa, kisha ikarudiwa mara moja kwa mwezi kuanzia Mei, huwafaa wengi. Rangi ya ngozi huchelewa kurudi kwa miezi. Kuendelea kupaka dawa kwa ajili ya rangi ni kupoteza pesa.

Kwa wengi wa wafanyakazi hawa kumwona daktari kunawezekana kuliko wanavyodhani. Sheria Namba 11 ya mwaka 2013 ya Dubai inamtaka mwajiri kumlipia mfanyakazi bima ya afya, na upo mpango wa msingi kwa wanaopata chini ya dirham 4,000 kwa mwezi. Mgonjwa huchangia sehemu ya gharama. Kinachowazuia mara nyingi ni muda, kwani zamu ya saa 12 haina nafasi ya foleni ya zahanati, na duka la dawa liko wazi usiku wa manane.

Swali la mwisho ni la wanaorudi. Masanduku yanayotoka Dubai kwenda Afrika Mashariki hubeba simu, mashuka, manukato na, chini kabisa, tyubu za kaka na shangazi aliyesema naye anawashwa. Hubeba pia ngozi ya mwenye sanduku. Mjini Moshi, Tanzania, kwenye hospitali ya KCMC, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kikanda kinachofundisha wataalamu wa ngozi kwa ajili ya nchi nyingi za Afrika, na wahitimu wake wako katika wilaya ambazo hazijawahi kuwa na daktari bingwa. Mtaalamu wa namna hiyo akimwona mtu mwenye choa kilichoenea akaandika terbinafini, atakuwa amefuata alichofundishwa. Mgonjwa akimweleza kwamba alikaa Ghuba miaka minne, alilala chumba kimoja na watu wa nchi tano, na terbinafini alishaimaliza mara mbili, mtaalamu atakwangua ngozi kwanza, na huenda akaanza na itrakonazoli.